Nevada: watalii wamerudi, pesa imerudi. Na wafanyakazi je?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za majukumu. Jumamosi harusini nilibishana na jamaa, anadai Nevada, jimbo letu hapa Marekani, ilishapona zamani pigo la korona na anayelalamika ni mvivu tu. Nikaona niulete ubishi huku.

Kwa ambao hawakuwepo: Machi 2020 gavana Sisolak aliamuru kasino zote zifungwe. Aprili, ukosefu wa ajira ukapita asilimia 28, jimbo zima. Kasino zikafunguliwa Juni 4. Watalii wa Las Vegas, jiji letu la kasino, waliokuwa milioni 42.5 mwaka 2019, walishuka hadi milioni 19 mwaka 2020, na 2023 wakapita milioni 40. Hadi hapo jamaa yuko sahihi.

Sasa tazameni upande wa pili. Mapato ya kamari jimboni yalikuwa kama dola bilioni 12 mwaka 2019. Mwaka 2021 yakafika bilioni 13.4, rekodi, wakati kuna wenzetu kibao bado wako nyumbani wanasubiri simu ya kurudishwa kazini. Na 2024, idadi ya ajira ikiwa imeshapita ya kabla ya korona, ukosefu wa ajira bado ulikuwa juu ya asilimia 5, miongoni mwa majimbo yaliyo vibaya zaidi Marekani. Mimi nasema kilichopona ni faida. Nani anabisha?

Mwenye duka
Nabisha mimi. Kwa asiye na kazi, jimbo lilikuwa linatoa posho ya hadi dola 469 kwa wiki, serikali kuu inaongeza 600. Dola 1,069 na umelala! Nilibandika tangazo la kazi mlangoni miezi mitatu mwaka 2021, aliyeingia alikuwa anauliza choo. Majirani zetu Utah na Arizona walikata nyongeza mapema, Juni na Julai 2021. Sisi tukaenda nayo hadi Septemba.

Dereva wa usiku
Mkuu, usichanganye mafaili. Zile 600 ziliisha Julai 2020. Wakati wa tangazo lako ilikuwa 300. Na Utah unailinganishaje? Ukosefu wao wa ajira haukufika hata nusu ya wetu. Aliyejikwaa na aliyevunjika mguu hawatoki hospitali siku moja.

Halafu mmesahau watoto. Shule za Clark County, wilaya yenye Las Vegas, zilianza kuwarudisha wadogo darasani Machi 2021. Mama mwenye wawili sebuleni, kila mmoja na kompyuta yake, angekuja dukani kwako saa ngapi?

Mzee wa 2008
Nyie mmeona 2020 tu. Ule mdororo wetu wa uchumi ulioanza 2008, ukosefu wa ajira ulipita asilimia 13 mwaka 2010 na ulikaa juu miaka na miaka. Kazi za ujenzi zilipotea zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa fundi wa jipsamu, nikauza hadi ngazi. Tofauti ni kwamba 2020 hoteli zilikuwepo, zimefungwa tu. Ukifungua, taa zinawaka. Sisi nyumba tulizojenga hazikuwa na mnunuzi, ungefungua nini?

Mtandika vitanda
Shikamooni wakubwa. Mimi nasafisha vyumba, mwaka wa tisa sasa, na nimesoma hizi asilimia zenu kwa utulivu.

Zamani chumba kinasafishwa kila siku. Unabadili mashuka, unafuta kioo, unatoka. Siku hizi wana mtindo wa kusafisha mgeni akiondoka tu. Siku nne hakijaguswa! Unafungua mlango, maboksi ya piza hadi kwenye beseni la kuogea, taulo zimeganda mafuta ya jua, zulia lina mchanga sijui wa wapi, jangwa lote hili. Na idadi ya vyumba kwa zamu ni ileile.

Mwaka 2020 sheria ililazimisha kusafisha kila siku. 2023 ikafutwa. Chama cha wafanyakazi, Culinary, kikairudisha kwenye mikataba ya Novemba 2023 na makampuni makubwa. Kwetu hakuna chama. Hoteli yetu iliniita baada ya miezi kumi na minne, ila kwa siku tatu kwa wiki. Kabla nilikuwa nafanya tano. Mwanzisha mada, kwenye takwimu zako mimi nimehesabiwa nimerudi kazini. Mwenye kazi ya siku moja na mwenye kazi ya siku tano, wote "ana ajira".

Mwanzisha mada
Dada, hilo la siku tatu limenipita kabisa. Ningekuwa nalo Jumamosi nisingenyamazishwa.

Mwenye duka
Pole dada. Hizo siku nne zilizobaki unafanya nini? Mimi bado natafuta mtu.

Mtandika vitanda
Unalipa dola ngapi kwa saa, kaka?

Mwenye duka
Njoo tuongee pembeni.

Dereva wa usiku
Kwa nini pembeni? Andika hapahapa mkuu, tuone.