Gnuplot 4.6 kwenda 5.4: mistari yote imekuwa mizima, mshale wa masika haupo

Kipima_Mvua_Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Nina kipima mvua nyuma ya nyumba, Kibosho, nakisoma kila siku saa tatu asubuhi. Shemeji yangu anasoma cha kwake kule Kahe, tambarare. Mwisho wa mwezi gnuplot inanichorea grafu, nashuka Moshi mjini kutoa fotokopi, nabandika ukutani kwenye ghala la kahawa. Watu wameshazoea: mstari mzima ni Kibosho, uliokatikakatika ni Kahe.

Juzi mpwa wangu kaniwekea Linux mpya, imekuja na gnuplot 5.4. Sina ugomvi naye, ila skripti ileile sasa inatoa vituko. Mistari yote mizima, na pale juu bado nimeandika `set terminal pngcairo dashed`. Nyekundu imegeuka zambarau. Kwenye fotokopi yote ni kijivu kimoja. Jana mtu kaniuliza, "Mzee, siku hizi Kahe nao wanapata mvua ya huku?"

Halafu grafu ya 2013 nilikuwa na mshale wa siku masika ilipoanza. Umetoweka, na programu hailalamiki:

`set arrow from 416620800, graph 0 to 416620800, graph 1 nohead`

Nirudishe 4.6?

fundi_wa_Sakina
Shikamoo mzee. Usirudishe. Toleo la 5 lilipotoka 2015, kukatika kwa mstari kulitenganishwa na namba ya mstari. `lt 2` sasa inakupa rangi tu, na lile neno `dashed` pale juu halikusaidii tena. Andika mwenyewe kwa `dt`, yaani namna mstari unavyokatika:

`plot "mvua.txt" using 1:2 with lines dt 1, "" using 1:3 with lines dt 2`

Kwa kuwa unakwenda fotokopi, kuna njia fupi zaidi: `set monochrome` kabla ya `plot`, mistari itatofautiana yenyewe bila rangi. Ukizitaka zile rangi za zamani, `set colorsequence classic`. Mimi zile sizikumbuki kwa wema.

binti_takwimu
Kuhusu mshale, shikamoo baba. Gnuplot ya zamani ilihesabu sekunde kuanzia 1 Januari 2000, toleo la 5 linaanzia 1970. Namba yako ilikuwa 15 Machi 2013, sasa inasomeka 16 Machi 1983, nje kabisa ya grafu. Ungeweza kujumlisha 946684800, lakini afadhali uandike tarehe yenyewe, baada ya `set xdata time` na `set timefmt "%Y-%m-%d"`:

`set arrow from "2013-03-15", graph 0 to "2013-03-15", graph 1 nohead`

Kipima_Mvua_Kibosho
Marahaba wanangu. Mshale umerudi mahali pake. Namba ile niliipiga kwa kikokotoo usiku mzima nikajiona mjanja, kumbe tarehe ya kawaida ingetosha. Na mwaka 1983 nilikuwa darasa la tano, masika naijua kwa matope tu.

`set monochrome` imekubali. Kesho nashuka mjini, na nakala ya kwanza ni ya yule wa Kahe.