Naenda Chicago Januari, nipeni yale ambayo watalii hawaambiwi

Mgeni Njiani: Wakuu, habari za leo. Nimepata nafasi ya kusoma Chicago, naripoti Januari. Maghorofa nimeshayaona mtandaoni hadi nimechoka. Wenyeji, mgeni anapaswa kujua nini? Na koti ninunue hapa Dar au huko?

Kaka Mkubwa: Hongera mdogo wangu. Anza na anwani. Namba zote za mji zinahesabiwa kutoka makutano ya mitaa ya State na Madison, utaratibu wa tangu 1909. Upande wa kaskazini kila namba 800 ni maili moja, kwa hiyo ukiambiwa 2400 North ujue ni maili 3. Ila Wacker Drive itakutesa, maana ina barabara ya juu na ya chini. Dereva anakupigia, "Nimefika," unaangaza huku na huku humwoni, kumbe yuko chini ya miguu yako! Na kule chini ramani ya simu inachanganyikiwa.

Mama Tatu: Mwanangu, ukivuka Mto Chicago uangalie maji yanakoelekea. Zamani ulimwaga uchafu Ziwa Michigan, na maji ya kunywa yalitoka humo humo. Wakachimba mfereji, 1900 wakaugeuza mto, uchafu ukaelekea Mto Mississippi. Jimbo la Missouri, ambalo mto huo unapita kwao, likaenda Mahakama Kuu ya Marekani kulalamika, 1906 likashindwa. Hapo mimi niko upande wa Missouri 😂

Mzee wa Hoja: Mnamsahau mwenye mji. Mkazi wa kwanza wa kudumu asiye mwenyeji wa asili alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara aliyeoa mwanamke wa Wapotawatomi, kabila la wenyeji wa asili, na kujenga karibu na mdomo wa mto miaka ya 1780. Barabara kuu ya kando ya ziwa imepewa jina lake 2021. Wamechelewa mno.

Mgeni Njiani: Asanteni sana. Nikipata kigari kilichotumika je?

Kaka Mkubwa: Desemba 1 hadi Aprili 1, barabara kubwa kadhaa haziegeshwi saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi, hata kama hakuna theluji. Soma vibao, wanavuta gari. Na ukikuta kiti kibovu cha plastiki katikati ya theluji, usikisogeze. Kuna mtu kaondoa theluji hapo kwa koleo ili aegeshe gari, anahesabu ni pake. Kisheria hana haki, ila usimjaribu.

Mama Tatu: Koti nunua huku. La Kariakoo vaa kwenye ndege.