Miguu ya Baba Imevimba Tena

ALHAMISI

Mama (saa 1:42 usiku): Habari za jioni wanangu. Leo viatu vimemkataa baba yenu. Asubuhi vilimwingia kwa shida, jioni hii ndiyo kabisa, na soksi imeacha alama kama kamba. Yeye anasema ni kukaa sana kwenye kiti.

Kaka: Shikamoo mama. Si ametoka hospitali juzi tu? Wiki mbili hazijaisha. Na walisema maji yote yaliyomjaa mwilini yametoka.

Mama: Marahaba baba. Yalitoka. Alirudi mwepesi hata mashavu yamebonyea.

Shangazi: Wifi, pole. Mimi ile karatasi ya hospitali imeninyima usingizi tangu mliponionyesha. Imeandikwa moyo umeshindwa kufanya kazi. Mtu ambaye moyo umeshindwa anatembeaje? Anaongeaje?

Kitinda: Na ile asilimia 35 ya kwenye karatasi 😢 Kwa hiyo asilimia 65 ya moyo wa baba imekufa? Nimekuwa nikilifikiria hilo darasani wiki nzima.

Dada: Shikamooni. Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Nitajibu, ila kwanza mama nisaidie kitu. Mbonyeze baba kwa kidole gumba kwenye ugoko, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Hesabu mpaka kumi halafu uachie. Kunabaki kishimo?

Mama: Kimebaki. Nimehesabu tena mpaka ishirini na bado nakiona.

Dada: Analalia mito mingapi?

Mama: Mitatu. Usiku wa jana mmoja ulianguka, akaamka saa nane akaenda kusimama dirishani. Akaniambia ni joto.

Baba: Nawasoma. Lilikuwa joto kweli.

Shangazi: Kaka yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Waambie watoto ukweli.

Dada: Baba shikamoo. Kifua kinauma? Na ukiwa umekaa hapo, unamaliza sentensi bila kukatika pumzi?

Baba: Marahaba mama. Hakiumi. Nikikaa niko sawa, naongea vizuri. Nikilala chali ndipo kifua kinakuwa kizito kama kuna mtu amekikalia. Na ngazi zimeanza kunishinda tena. Sikutaka kuwasumbua.

Dada: Hujatusumbua baba. Asante kwa kusema. Napiga simu kliniki ya moyo sasa hivi, usiku kuna muuguzi anayepokea.

Dada (saa 2:15 usiku): Nimeongea nao. Wanamtaka kesho saa mbili asubuhi, waje na dawa zake zote, hata zile alizoacha. Usiku huu alale ameegemea, mgongo umeinuka. Mama, sikiliza hili kwa makini: akianza kuhema akiwa amekaa tu, au akakohoa povu lenye wekundu, au midomo ikabadilika rangi, au akatoka jasho la baridi, akazirai, akachanganyikiwa, au kifua kikauma, hatungoji asubuhi. Mnamwamsha Kaka, mnaingia kwenye gari.

Kaka: Nalala hapo hapo sebuleni leo. Funguo ninazo.

Dada: Mama, dawa ya maji, ile inayomkojoza, imebaki vidonge vingapi?

Mama: Kumi na tisa.

Dada: Ilitakiwa vibaki kama kumi na mbili.

Baba: Niliipumzisha. Ile safari ya Alhamisi iliyopita, nisingeweza kumsimamisha dereva kila baada ya nusu saa. Kesho yake nikajiona mzima, nikasema labda siihitaji tena.

Dada: Nimekuelewa baba. Wengi sana wanaiacha kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kukueleza inafanya nini, mimi nikiwa wa kwanza kulaumiwa. Ngoja nioge nile, nije niandike vizuri.

Dada (saa 3:05 usiku): Haya. Naanza na ile asilimia, maana Kitinda na Shangazi imewatesa bure.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Chumba cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Kwa mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, chumba hicho kinajaa kama mililita 120, kikijibana kinatoa kama 70. Nyingine zinabaki ndani. Yaani moyo mzima kabisa unatoa takribani asilimia 55 hadi 70 ya kilichomo. Hakuna binadamu anayetoa 100. Kwa hiyo ya baba 35 inalinganishwa na sitini hivi, na haisemi chochote kuhusu nyama iliyokufa.

Kitinda: Kumbe! Nimepumua.

Dada: Pumua, lakini si ndogo hiyo. Moyo wake umedhoofika na umepanuka, ndilo lile neno la pili kwenye karatasi. Tuseme chumba chake sasa kinabeba 180. Asilimia 35 ya 180 ni 63. Unaona imekaribia sana zile 70? Ndiyo maana akikaa kwenye kiti anaongea nasi kama kawaida. Mwenye moyo mzima akipanda ngazi, moyo wake unaongeza mara mbili, mara tatu. Wa baba hauna akiba hiyo, umeshatumia kila ulichonacho kwa kukaa tu.

Na Shangazi, "kushindwa" hapo haina maana ya kusimama. Moyo ukisimama mtu anaanguka papo hapo. Huu unapiga, kama mara laki moja kwa siku kama wa kwetu, ila kila pigo linapeleka damu pungufu ya inayohitajika.

Shangazi: Sasa nimekuelewa mwanangu. Lakini moyo uko kifuani. Miguu imeingiaje?

Dada: Hapo ndipo pazuri. Kitinda, mwambie shangazi damu inavyozunguka, ulikuwa unasoma hilo muhula uliopita.

Kitinda: Upande wa kulia wa moyo unapokea damu iliyotoka mwilini, unaipeleka kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Inarudi upande wa kushoto, nao unaisukuma mwilini, halafu inarudi tena kulia. Mwalimu alituambia zamani watu walidhani damu inatengenezwa kwenye ini na kutumika ikaisha, mpaka William Harvey mwaka 1628 akaandika kwamba inazunguka. Alipiga hesabu akaona damu inayosukumwa kwa nusu saa tu ni nyingi kuliko yote iliyomo mwilini, kwa hiyo lazima ni ile ile inarudi.

Dada: Safi sana. Shika hilo neno, inarudi. Kitu kinachozunguka kikikwama mbele, kinarundikana nyuma. Upande wa kushoto ukishindwa kusukuma, damu inarundikana nyuma yake, na nyuma yake ni mapafu. Maji yanachuja kutoka kwenye mishipa midogo yanaingia kwenye mapafu, ndiyo ule uzito wa kifua. Upande wa kulia ukilemewa, foleni inaanzia kwenye mwili: miguu, ini, tumbo. Na miguu iko chini kuliko vyote, maji yanatuama huko.

Mama: Sasa mbona asubuhi ilikuwa imepungua? Mimi nilifurahi nikajua anapona.

Dada: Mama, hapo wengi hudanganyika, hata mimi nilipoanza kazi. Mchana maji yametuama miguuni. Usiku akilala, miguu na moyo viko sawa kwa kimo, yale maji yanarudi kwenye mishipa, moyo unapewa mzigo mkubwa kwa mkupuo mmoja. Haumudu. Yanaishia kwenye mapafu. Saa saba, saa nane, mtu anaruka kitandani anatafuta hewa. Ule uvimbe uliopungua asubuhi ndio uliomwamsha usiku.

Baba: Basi si joto.

Dada: Si joto baba ❤️

Kaka: Swali langu. Presha ya baba ni 112 kwa 70, nilipima mwenyewe. Kwa nini amepewa dawa tatu na mfamasia aliniambia zote ni za presha? Si zitamshusha aanguke?

Dada: Swali zuri, na ndilo linalofanya watu wengi wazitupe. Figo hazijui kwamba moyo umechoka. Zinachojua ni kwamba damu inayozifikia imepungua, zinadhani mwili umevuja damu au umekauka. Zinapiga kengele: shikilia chumvi, shikilia maji, bana mishipa. Kwa mtu aliyejeruhiwa kengele hiyo inaokoa maisha. Kwa baba, maji yanaongezwa juu ya moyo ambao tayari umezidiwa, na mishipa iliyobanwa inaufanya usukume kwa nguvu zaidi. Unazidi kuchoka, kengele inazidi kulia.

Ile ambayo jina lake linaishia na "pril" inanyamazisha kengele. Inayoishia na "lol" inaupunguzia moyo mbio ili upate muda wa kujaa na kupumzika, ndiyo maana wanaanza na kipimo kidogo sana na kupandisha polepole. Ya tatu, spironolaktoni, inazuia mwili kushikilia chumvi. Kupewa dawa hizi tatu hakutokani na presha kuwa juu. Zikitumiwa miezi kadhaa, moyo wa baadhi ya watu unarudi nyuma kwa ukubwa na ile asilimia inapanda. Akisikia kizunguzungu akisimama, aseme, wapunguze wao. Asipunguze yeye.

Dawa ya maji ni tofauti. Hiyo haiutibu moyo, inafungua mlango maji yatoke. Akiiacha siku saba mlango umefungwa siku saba.

Shangazi: Mwanangu, nina jambo. Goti lilikuwa linamsumbua, nikampa vidonge vyangu vya maumivu. Diklofenaki. Amemeza tangu Jumapili, kutwa mara mbili.

Shangazi: Nimekosea?

Dada: Shangazi, asante sana kwa kusema. Hivyo asimeze tena, wala ibuprofeni. Dawa za jamii hiyo zinafanya figo zishikilie chumvi na maji, na zinapingana na hizo nyingine. Kesho nenda navyo kliniki wavione. Kwa goti watampa kitu kingine.

Shangazi: Mungu anisamehe. Nilidhani namsaidia.

Baba: Ulinipa kwa huruma dada yangu, na usiku ule nililala. Usijitese.

Kaka: Na ile chumvi ya wagonjwa, ile mbadala? Nilitaka kumletea.

Dada: Usilete kabla ya kuwauliza. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na dawa zake mbili zinapandisha potasiamu. Ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Apunguze chumvi ya kawaida tu.

IJUMAA

Kaka (saa 7:20 mchana): Tumetoka salama. Wamempima damu, figo na potasiamu viko sawa. Wamemchoma sindano ya kutoa maji, amekwenda msalani mara sita tukiwa hapo hapo. Hawakumlaza. Mzani: kilo 74.6. Siku aliyotoka hospitali alikuwa 70.8.

Kitinda: Karibu kilo nne kwa wiki mbili na hajala chochote cha ajabu?

Dada: Lita moja ya maji ni kilo moja. Hayo ni maji.

Mama: Lita nne karibu! Ndoo nzima ndogo alikuwa anaibeba mwilini, na mimi namwambia asiwe mvivu wa ngazi.

Dada: Usijilaumu mama. Daktari amesema nini kuhusu mzani?

Kaka: Kila siku asubuhi, akishatoka msalani, kabla hajatia kitu mdomoni, nguo zile zile, mzani ule ule, sakafu ngumu. Aandike. Ikipanda kilo mbili ndani ya siku tatu apige simu siku hiyo hiyo, hata kama anajisikia mzima.

Dada: Hasa "hata kama anajisikia mzima". Mzani unaona maji siku kadhaa kabla miguu haijavimba.

Baba: Mtanunua huo mzani au mtanihubiria tu.

Kaka: Uko kwenye gari baba, tunakuja nao.

JUMAMOSI

Baba (saa 12:30 asubuhi): 73.4

JUMAPILI

Baba (saa 12:25 asubuhi): 72.3. Nimelalia mito miwili.

Shangazi: Alhamdulillahi.

JUMATATU

Mama: Hajaandika leo. Amejipima, 71.6, ameandika kwenye daftari akasahau simu. Amepanda ngazi akasimama mara moja tu. Nilikuwa nyuma yake namhesabia.

JUMANNE

Baba (saa 12:31 asubuhi): 71.1. Viatu vimeingia.

Baba: Sasa mwanangu, Alhamisi nina ile safari tena. Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, tunakuwa njiani kwa muda wa saa nne. Nifanyeje na ile dawa?

Dada: Nimewauliza kwa niaba yako. Wamesema si lazima iwe alfajiri. Siku ya safari uisogeze, uimeze ukifika, mradi isiwe jioni sana ukakosa usingizi. Hizo nyingine umeze asubuhi kama kawaida. Na kila baada ya muda usimame unyooshe miguu.

Baba: Kumbe inasogezwa. Ningejua.

ALHAMISI

Baba (saa 11:50 alfajiri): 70.9. Natoka.

Baba (saa 4:25 asubuhi): Nimefika. Choo kiko karibu, nimeshakiona. Nameza sasa.