Nitamtambuaje mtengenezaji wa saksafoni hii ya zamani?

Muulizaji
Wapendwa wapiga saksafoni, nimenunua saksafoni ya alto iliyokwisha kutumika, yenye rangi ya fedha iliyofifia. Kwenye mdomo wake mpana limechorwa jina la duka la muziki, na chini yake pameandikwa "Elkhart, Ind.", yaani mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, Marekani. Nyuma kuna nambari ya tarakimu tano na herufi L. Nimepekua orodha za nambari za viwanda vitatu, na kila moja inanipa mwaka wake. Nianzie wapi?

Fundi wa ala
Ndugu, ziweke kando orodha hizo kwanza, kwa sababu nambari haisemi lolote mpaka kiwanda kijulikane. Katika miaka ya 1920 viwanda vikubwa vya Marekani viliwatengenezea wauzaji saksafoni zilizochorwa majina ya wauzaji hao, kwa hiyo jina unalolisoma huenda si la mtengenezaji. Neno Elkhart linasaidia lakini halitoshi, kwani watengenezaji watatu wa saksafoni, Conn, Buescher na Martin, wote walikuwa katika mji huo. Ushahidi bora uko kwenye matundu ya mwili, yale yanayozibwa na vifuniko. Martin walitengeneza pete za matundu peke yake, kisha wakazilehemu kwenye mwili, na ukingo wake ni wa mshazari, mwembamba juu na mnene chini. Kwa Conn na Buescher ukuta wa tundu umevutwa kutoka kwenye bati lenyewe la mwili, hivyo hutaona alama ya kulehemu. Conn walisifika kwa kukunja ukingo ukawa mviringo, ila nyingi walizowatengenezea wengine zina ukingo ulionyooka. Usiwaondoe kwa kukosa mkunjo huo.

Mpiga alto
Herufi L ni habari njema sana kwako. Inaonyesha kwamba ala ilitengenezwa kwa kimo cha sauti cha chini, yaani noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambacho ndicho tunachokitumia leo. Zenye H zilikusudiwa kimo cha juu, karibu 457, na kuvuta kipulizio nje hakuziponyi, kwa kuwa matundu yenyewe yamepangwa kwa kimo kingine.

Muulizaji
Nimeondoa kifuniko kimoja cha chini. Ukingo ni wa mshazari kweli, na kuna mstari mwembamba wa kulehemu ukizunguka kila tundu.

Fundi wa ala
Basi hiyo ni kazi ya Martin, na mimi nazipenda mno kwa sauti yake nzito. Sasa unaweza kuifungua orodha ya Martin, ukiuchukulia mwaka utakaoupata kuwa wa kukadiria tu. Usikubali isuguliwe kwa mashine, maana mchoro na nambari hufutika. Kabla ya kubadilisha pedi, zile laini zilizo ndani ya vifuniko, ingiza taa ndani ya mwili gizani na uchunguze kila pete, kwa sababu lehemu ya zamani huliwa taratibu, hewa ikavuja chini ya pete, na mtu akazilaumu pedi zisizo na kosa.