Camry 2.4 yenye kilomita 318,000: niendelee nayo au nichukue mpya kidogo yenye CVT?

Baba Pacha
Wakuu, naombeni ushauri. Nina Camry ya 2005, silinda nne, lita 2.4, otomatiki. Imetembea kilomita 318,000, na 190,000 kati ya hizo nimeziendesha mwenyewe. Haijawahi kuniacha njiani. Ila sasa bushi za mbele zinagonga, rejeta inavuja pembeni, shokapu za nyuma zimechoka. Nimeonyeshwa sedani nyingine, mpya kuliko yangu kwa miaka tisa, kilomita 140,000, gia zake CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Karatasi za sevisi hakuna hata moja. Nina watoto watatu na safari ndefu kila mwezi. Ipi itanifaa kwa miaka mitano ijayo?

Fundi Taratibu
Mkuu, bushi, rejeta na shokapu ni vitu vya kuchakaa. Hata hilo jipya litakudai hivyo hivyo. Mimi ningeangalia injini kwanza. 2AZ-FE, injini ya Camry yako, inatumia cheni kuendesha valvu, kwa hiyo mkanda wa taimingi hauna habari nao. Zile za 2007 hadi 2009 ndizo zilizojulikana sana kwa kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake. Za miaka yako zina ugonjwa wao: boliti za hedi (sehemu ya juu ya injini) upande wa nyuma hung'oa nyuzi kwenye bloku ya alumini (mwili wa injini), halafu maji ya rejeta yanavuja kidogo kidogo bila wewe kuona. Chukua tochi, mulika nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku. Ukikuta ukoko mkavu wenye rangi ya maji ya rejeta, usitumie hela nyingine yoyote kwenye gari hilo kabla ya kulimaliza hilo.

Oili nayo ipime. Jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha chomoa kijiti gari likiwa limepoa na limesimama sehemu tambarare, uone imeshuka kiasi gani.

Mama Nasri
Kaka, usichukue CVT isiyo na historia. Yangu nilinunua kwa mtu, sitaji kampuni. Ilianza kwa kuvuma, baadaye nikikanyaga mafuta mshale wa mizunguko unapanda lakini gari haliongezi mwendo. Kumbe oili ya gia haikuwahi kuguswa. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili ile ndiyo uhai wake. Ukiweka ya otomatiki ya kawaida badala ya iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, unaua gia boksi. CVT iliyotunzwa sina ugomvi nayo. Ninayoiogopa ni ile isiyojulikana ilitunzwaje.

K24
Kama ni lazima ubadilishe, tazama Honda Accord ya 2003 hadi 2007, lita 2.4. Nayo ni ya cheni na gia zake ni otomatiki ya kawaida. Valvu zake zinahitaji kurekebishwa nafasi mara mojamoja, jambo ambalo wengi hawalijui. Accord ya V6 (silinda sita) ya lita 3.0 inakwenda vizuri sana, lakini ina mkanda wa taimingi, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kwa gari la familia lililotembea sana, silinda nne inatosha.

Mwanaidi
Na kutu je? Injini inabadilishwa, bodi iliyooza chini hairudi. Ingia chini ya magari yote mawili.

Baba Pacha
Nimerudi, wakuu. Nyuma ya hedi pakavu kabisa. Kwa kilomita 1,000 oili imeshuka kidogo sana, haijafika hata katikati ya alama mbili. Chini kuna kutu ya juu juu tu. Oili ya gia ilikuwa kahawia iliyokolea lakini haikunuka kuungua. Zikatoka lita tatu na ushei, nikarudisha oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kiasi kile kile. Najua nyingine imebaki ndani, nitarudia baada ya wiki kadhaa. Kuhusu ile ya CVT, niliomba fundi wangu aipime na mwenye gari akakataa. Nimeiacha, naanza na rejeta na hozi zake. Shokapu nibadilishe zote nne?

Fundi Taratibu
Kama za mbele hazivuji, badilisha za nyuma tu, zote mbili kwa pamoja na maunti (vishikizo) zake za juu. Ukirudisha maunti za zamani zinaweza kugonga.