Hopsi za bia ya nyumbani hapa Dar: nipande, ninunue, au nirudi kwenye msesewe?

Mpika_Mbezi

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa pili kupika bia nyumbani, lita 20 kwa mkupuo, ya kunywa na ndugu na majirani. Siuzi. Kimea cha shayiri napata, hamira napata, kinachonikwamisha ni hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Duka moja la mtandaoni lilinitumia mzigo uliokaa njiani wiki nyingi, na pakiti imetoboka pembeni. Nilipoifungua ikanipiga harufu ya jibini iliyolala juani, na wakati huo sufuria ilikuwa tayari jikoni. Niliumia sana.

Nyuma ya nyumba nina ukuta wa mita 4 unaopata jua kuanzia asubuhi hadi saa nane. Nawaza kupanda hopsi zangu pale. Nawaza pia kuendelea kununua lakini kwa umakini zaidi, au kutumia msesewe kama wanavyofanya Wachaga kwenye mbege. Shemeji yangu yuko Lushoto, kule kuna baridi. Huenda nikipanda kwake itakuwa rahisi. Aliyejaribu lolote kati ya haya naomba anieleze.

Kigamboni_Kijani

Dada Mpika, nimelima hopsi Kigamboni misimu mitatu, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona kwa macho.

Wengi wanadhani adui ni joto. Joto linasumbua kweli, ila kinachotushinda hasa ni urefu wa mchana. Hopsi ni mmea wa nchi zilizo kati ya nyuzi 35 na 55 kutoka ikweta, ambako mchana wa kiangazi hufika saa 15 au 16. Mchana ukiwa mrefu mmea hutambaa kwenda juu tu. Mchana ukianza kupungua ndipo hutoa maua. Sisi Dar hatufiki hata nyuzi 7 kusini. Mchana wetu mrefu kuliko yote, ule wa Desemba, ni kama saa 12 na nusu. Kwa hiyo mmea ukifika tu hapa unaona msimu umekwisha, unachanua ukingali mdogo.

Ndivyo ilivyonitokea mwaka wa kwanza. Shina lilifika kiunoni, likatoa maua yasiyojaza kiganja, likasinyaa. Nililimwagilia, nikaliwekea samadi, nikalijengea kivuli, halikuongeza hata inchi. Na Lushoto haitakusaidia kwa hili: baridi ipo, lakini mchana wake ni uleule, tena kule ni karibu na ikweta kuliko Dar.

Dawa yake ni taa. Afrika Kusini, kwenye mashamba ya karibu na mji wa George, nyuzi 34 kusini, walirefusha mchana kwa taa miaka mingi kabla ya kuzalisha aina zao zinazovumilia mchana mfupi, kama Southern Star. Brazili nako wanalima kwa taa. Mwaka wa pili nilifunga balbu nne za wati 10 juu ya kamba, zinawaka saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Taa hiyo hailishi mmea, jua ndilo linaloulisha. Kazi yake ni kuuzuia usione giza mapema. Mashina yakapanda hadi mita 4 na nusu. Baada ya miezi mitatu nikapunguza muda wa taa kidogo kidogo, na maua yakaja kwa vishada.

Mangi_wa_Marangu

Binti, karibu kwenye msesewe, lakini uuelewe kwanza. Kwetu ule ni gome la mti, siyo ua. Ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichache siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji, na gome la msesewe huingia kwenye uji huo. Ukipoa ndipo unachanganywa na maji ya ndizi. Uchungu wake unashika nyuma ya ulimi na haupotei upesi.

Kuna jambo lazima niliseme. Msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, jamii ileile iliyotoa reserpini, dawa ya kushusha presha. Mama yangu alipima gome kwa jicho alilolirithi kwa mama yake, na mzee aliyekuwa akiugua moyo hakumpa mbege kabisa. Wewe usiyekuwa na kipimo hicho usijaribu kubahatisha kwenye sufuria ya lita 20. Ukitaka ladha ya msesewe, mtafute mama anayepika mbege, ukae naye jikoni ujifunze.

Mpika_Mbezi

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, nilikuwa nimeshaulizia bei ya gome Kariakoo. Naliacha mpaka nipate wa kunifundisha.

Fundi_Ndoo

Mimi niko Tabata, napika kila mwezi, na msimamo wangu ni huu: za uchungu nunua, za harufu panda ukipenda.

Uchungu wa bia unatoka kwenye asidi za alfa. Zikichemshwa muda mrefu hubadilika na kuyeyuka kwenye maji ya kimea, ndiyo maana tunachemsha dakika 60. Pakiti ya dukani imeandikwa kiwango cha asidi hizo. Cascade, kwa mfano, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, huwa kati ya asilimia 4.5 na 7. Ukichukua gramu 30 za asilimia 5.5 ukazichemsha saa nzima kwenye lita 20, unapata uchungu wa karibu 20 kwa kipimo cha IBU, mwepesi kama wa lagi tulizozoea. Za ukutani kwako hazina namba hiyo. Unaweza kupika bia tamu kama togwa, au chungu kama shubiri, kwa uzito uleule.

Harufu haihitaji hesabu. Zako za nyumbani tia dakika 5 za mwisho au baada ya kuzima moto. Ukizitia mbichi siku ya kuvuna, pima mara tano ya uzito wa kavu, kwa sababu sehemu kubwa ya ua bichi ni maji.

Kuhusu kununua, acha maua makavu, agiza vidonge vilivyosindikwa vikafungwa bila hewa. Vinachukua nafasi ndogo na havichakai upesi. Pakiti ikifika ibonyeze: ikiwa ngumu kama tofali ni salama, ikiwa imelegea huenda hewa imeingia. Na iende friza siku hiyohiyo, isikae kabatini.

Halafu dada, angalia na maji yako. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji ya chumvi hufanya uchungu wa hopsi ukwaruze koo. Hamira nayo iangalie. Chumba chenye nyuzi 30 huvuruga hamira nyingi za bia. Mimi natumia kveik, za Norway, zinazofanya kazi vizuri kwenye joto hilo. Mtu anaweza kulaumu hopsi bure.

Mjukuu_wa_Kagera

Kwetu Bukoba kuna mubilizi, yale majani machungu ambayo bibi alitunywesha tukiwa na homa. Watafiti wa Nigeria wameyajaribu kama mbadala wa hopsi. Mimi niliyachemsha kwenye bia ya mtama. Uchungu upo wa kutosha, harufu hakuna, na povu lilikuwa dogo. Kwa mtama yanapendeza, kwa shayiri nisingeyatumia.

Mpika_Mbezi

Fundi Ndoo, umenifungua macho kuhusu maji, nachota kisimani kweli. Kigamboni_Kijani, umeme unakula kiasi gani? Na miche uliipata wapi? Nimeona watu wanauza mbegu.

Kigamboni_Kijani

Umeme ni mdogo. Balbu nne za wati 10 kwa saa nne ni uniti 0.16 kwa siku, hazifiki uniti 5 kwa mwezi. Jirani ndiye aliyelalamika kuhusu mwanga, nikazifunika upande wake kwa kipande cha bati.

Mbegu usinunue. Hopsi zina mmea dume na mmea jike, na tunachotaka ni maua ya jike tu. Mbegu zikiota, karibu nusu ni dume, na utasubiri mpaka zichanue ndipo ujue. Mimi nilipoteza msimu mzima kwa muuzaji aliyeniapia kuwa zote ni jike. Kinachopandwa ni kipande cha mzizi au kipandikizi cha mmea jike unaojulikana. Cha kutoka nje kinahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea cha nchi kinakotoka. Usikifiche kwenye begi, unaweza kuleta ugonjwa ukaharibu na mashamba ya watu.

Mengine ni haya. Tumia pipa la lita 60 au zaidi lililotobolewa chini, udongo usiotuamisha maji. Masika ndiyo hatari, ukungu unaanza kwenye majani ya chini, kwa hiyo yang'oe yote hadi usawa wa goti ili hewa ipite. Kamba iwe ya katani, maana shina lina vinywele vinavyohitaji mahali pa kushika. Utaliona linajizungusha kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na ukilizungusha kinyume litajifungua lenyewe. Vaa mikono mirefu, vinywele hivyo vinachubua.

Kuvuna ndiko ninakokupenda kuliko yote. Ua bichi ukilibonyeza linabaki limebonyea. Lililoiva ni kama karatasi, linarudi. Lipasue katikati kwa ukucha: chini ya magamba kuna unga wa njano, unanata kidoleni na kunukia ganda la chungwa na nyasi zilizokatwa sasa hivi. Unga huo ndio unaotafutwa. Zangu nazianika juu ya chandarua kilichovutwa kwenye fremu, feni chini, ndani ya nyumba. Ukizianika nje kwa unyevu wetu zinaota ukungu kabla hazijakauka. Mashina mawili mwaka jana yalinipa gramu 140 kavu.

Fundi_Ndoo

Gramu 140 kwa Dar ni nyingi, hongera mkuu. Nyongeza moja kwa wote: mwenye mbwa asimwage masalia ya hopsi uani. Mbwa akila, joto la mwili linapanda vibaya na anaweza kufa. Fukia au funga vizuri.

Mpika_Mbezi

Nina mbwa wawili, asante kwa hilo. Basi nimeamua. Vidonge vya uchungu naagiza, pakiti ndogo ndogo zinazotosha mapishi mawili. Ukutani napanda shina moja kwa ajili ya harufu, na kamba ya taa naifunga wiki hii.

Kigamboni_Kijani

Anza na shina moja, umefanya vizuri. Jumamosi nakata vipandikizi vya Cascade, jike hakika, nakuwekea vitatu ili kimoja kikifa usikate tamaa. Njoo asubuhi kabla jua halijawa kali, na ndoo yenye mfuniko na kitambaa kilicholowa. Ukivuka na feri usiiache ndoo juani.