Naomba ushauri: kuongeza geji kwenye Morris Minor

Mwana wa Maweni: Assalamu alaikum wakubwa. Marehemu babu alituachia Morris Minor 1000, nami nimeifufua hapa Malindi mpaka injini inawaka. Dashibodi yake ina saa moja tu ya mwendo katikati, yenye kipimo cha petroli ndani, wala haina geji ya joto. Kwenda Mombasa ni takriban kilomita 120, na kwa jua letu nahofia injini itachemka nisijue. Nimenunua geji za joto, oili, volti na ampea, na bado zimo kwenye boksi. Waya wa moto niuchukue wapi?

Fundi wa Barani: Uchukue baada ya swichi, uupitishe kwenye fyuzi, ili geji zizime unapotoa ufunguo. Ya ampea ina njia yake: mkondo wa chaji hupita ndani yake, kwa hiyo waya wake uwe mnene. Lakini kwanza tuambie, ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi?

Mpanda Punda, Lamu: Huku kwetu punda akichemka hugoma, na geji haihitajiki. Ami yangu aliegesha Peugeot yake Mokowe, chumvi ikala nyaya zote. Kipimo kilimwonyesha tangi limejaa mpaka gari likamzimikia Witu, usiku, na mvua inanyesha.

Mwana wa Maweni: Fundi, sioni umuhimu wa swali hilo.

Fundi wa Barani: Ndilo lenye umuhimu kuliko yote. Morris Minor zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, ilhali geji za siku hizi nyingi hutengenezwa kwa gari lenye hasi kwenye bodi.

Mwana wa Maweni: Basi ni chanya, na sitaibadili, kwa sababu nataka gari libaki kama alivyoliacha babu. Ni kweli geji ya volti ilitoa moshi fundi wa awali alipogeuza nyaya zake, ila hizo nyingine sina wasiwasi nazo, na matundu ya dashibodi yameshatobolewa.

Ustadhi wa Gede: Mwanangu, hiyo ni mali ya urithi. Warithi wenzako waliridhia utoboe?

Msema Kweli: Uzi huu una walakini. Geji zimo kwenye boksi, mara moja imeungua. Gari libaki kama lilivyo, mara limetobolewa. Kwa maoni yangu hapana gari wala babu. Tuwekee picha ya betri.

Mwana wa Maweni: Picha hiyo hapo. Niliposema boksi, nilikusudia hizo tatu.

Msema Kweli: Huenda ni betri ya jirani.

Fundi wa Barani: Gari lipo. Tazameni ule utepe wa waya uliosukwa, umeota ukijani wa chumvi, unatoka kwenye alama ya kujumlisha hadi boliti ya bodi. Mwana wa Maweni, nyaya zikigeuzwa, gamba la geji linalopitisha umeme likigusa dashibodi hupiga shoti, na nashuku moshi ulitoka hapo. Ama ulitenge gamba na bodi, na geji yoyote ya kielektroniki uiache kabisa. Ama uligeuze gari zima: nyaya za betri, kisha za koili, kisha uchomoe waya kwenye ncha ya dainamo yenye herufi F na kuigusisha F na waya wa moto kwa nukta moja, injini ikiwa imezimwa, ili ishike sumaku upya.

Mwana wa Maweni: Nitalitenga gamba. Mpira wa tyubu ya baiskeli utafaa?

Fundi wa Barani: Utafaa, usipitwe na skrubu. Na betri uifungue kabla hujagusa chochote.